Kipimo cha Shingo

Daftari langu lina mabega ya Langoni yote,
viuno vya maharusi, miguu ya watoto wa chuoni,
na ukurasa mmoja wa nyuma, usio na jina,
wenye shingo moja tu:
Rajabu, inchi kumi na nne.
Mfunguo Mosi, kumi na nne u nusu.
Mfungo Tatu, kumi na tano.
Mwezi huu wa Maulidi nimepima mara mbili,
nikaandika ile ndogo.

Nimejishonea kola za kusimama, kola za mikunjo,
moja hata ya lasi iliyobaki kwa harusi ya watu.
"Khuleta, mtindo gani huu, na joto lote hili?"
Nasema ni mtindo.

Daktari wa koo ana maneno mafupi.
"Meza mate." Nikameza.
Rovu likapanda, likashuka, kama ndoo kisimani.
"Litolewe," alisema. "Limeipinda njia ya pumzi."
Nami nikauona mtaa wetu unavyopinda
penye ukuta wa kina Famau,
punda wawili hawapishani.

Daktari wa moyo, kule Malindi, alinipaka mafuta baridi kifuani
akanionyesha kwenye kioo
mlango mdogo unaopigapiga, haufungi sawasawa
tangu ile homa ya utotoni iliyonivimbisha magoti,
mama akanikanda kwa mafuta ya ufuta, akadhani yamekwisha.
"Usingizi wa kisu ni mzito. Moyo huu naogopa kuulaza."
Kisha, akinipa karatasi ya kujifutia, bila kunitazama:
"Lakini hilo rovu ndilo linaloukimbiza."

Njia mbili zilimshinda fisi, wasema.
Fisi alinusa nyama huku na huku.
Mimi pande zote nanusa dawa ya sakafu.

Dada yangu Mwanatumu hataki kusikia.
"Nduyangu, moyo si kitu cha kutezea!
Rovu la bibi lalikuwa kama dafu,
na kafa kwa uzee."
Simjibu. Bibi hakupanda ngazi zangu,
hakulala ameketi.

Shekuwe hasemi kitu, ndiyo tabia yake.
Aliongeza mto wa tatu, sikumwomba.
Kisha wa nne.
Usiku moyo wangu huenda kama cherehani ya gurudumu bovu,
sindano mbio, kitambaa hakisogei,
nikifumbua macho namwona kwenye mwanga wa taa ya ukumbini,
midomo yamcheza.
Nilidhani anasoma nyiradi.
Anahesabu pumzi zangu.

Nilirudi kwa daktari wa koo na swali moja.
"Ukianza kukata, utaanzia wapi?"
Akacheka, akageuza cheti cha dawa, akachora mstari.
"Hapa kwenye mkunjo, shingo ifiche mshono."
Akataja uzi wa sauti upitao nyuma yake, mwembamba,
ukiguswa naweza kubaki na sauti ya kukwaruza.
Nikafikiri: huyu walau anajua kitambaa huenda wapi.
Hatimaye wakapigiana simu, moyo na koo,
wakaafikiana vidonge vya miezi mitatu,
mapigo yakitulia, ndipo kisu.
Yasipotulia?
Hapo wote wawili walinyamaza, kila mtu na simu yake.

Jana, baada ya Isha, nilitandaza kitambaa cha zambarau
nilichokiweka tangu mwaka juzi.
Nikakata shingo ya duara, pana, hadi mfupa wa bega.
Mkasi haurudi nyuma.
Kovu watalitazama, na walitazame.

Kisha nikafungua ukurasa wa nyuma,
nikaandika: Rajabu.
Mbele yake sikuandika kitu.

Fomu iko chini ya cherehani, upepo usiichukue.
Sijatia sahihi. Shekuwe ameshuka kutafuta kalamu,
maana humu ndani nina chaki tu,
na chaki hufutika.